Gulio la wasichana juu ya kaunta yangu: kitabu cha picha cha Gauri Gill

Kitabu kilinifikia Kigoma kwa basi kutoka Dar es Salaam kikiwa ndani ya boksi la sabuni, na kona yake ya chini ilikuwa imepondeka, kwa kuwa wahusika wa mizigo, ambao sina haja ya kuwataja, walikilaza chini ya magunia licha ya maandishi makubwa yaliyokuwa juu ya boksi. Mpwa wangu ndiye aliyekiagiza kwa njia ya intaneti, nakala iliyokwisha kutumika, na gharama ya kukisafirisha kutoka Ulaya ilizidi bei ya kitabu chenyewe. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu mtu wa Kigoma anayesoma uhakiki wa kitabu cha picha huuliza kwanza kama kinapatikana, ndipo aulize kama kinafaa. Kinapatikana, kwa mwenye subira na mwenye jamaa Dar. Kuhusu kufaa kwake nina maneno mengi zaidi.

Kinaitwa Balika Mela, kilitolewa mwaka 2012 na Edition Patrick Frey, mchapishaji wa Zurich nchini Uswisi, na mwenye picha ni Gauri Gill, mpiga picha wa India aliyezaliwa Chandigarh mwaka 1970 na anayefanyia kazi zake Delhi. Kwa Kihindi balika ni msichana, na mela ni mkusanyiko ambao mimi ningeuweka kati ya gulio na Nanenane: watu wanatoka vijijini, kuna vyakula, michezo, bembea na maonyesho. Mela inayozungumziwa ilifanyika mwaka 2003 katika mji mdogo wa Lunkaransar, wilaya ya Bikaner, jimbo la Rajasthan, kwenye jangwa la Thar. Iliandaliwa na shirika la Urmul Setu Sansthan (jina Urmul, kwa faida ya wanaushirika wanaosoma hapa, lilianza kama ufupisho wa jina la chama cha ushirika cha maziwa), na walihudhuria wasichana wanaokaribia 1,500 kutoka vijiji 70. Gill, ambaye alikuwa akienda Rajasthan tangu mwaka 1999, aliombwa afanye jambo lolote linalohusu picha. Akafungua kibanda cha kupiga picha.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika, kwa maana mimi ni mtu wa studio. Nina chumba kimoja Mwanga, hapa mjini Kigoma, mapazia matatu, taa mbili, kiti kisicho na mgongo, na printa inayokula wino kuliko faida. Picha za uhalisia, yaani zile zinazopigwa ili kuweka kumbukumbu ya watu jinsi wanavyoishi, mara nyingi huhakikiwa na watu wa makumbusho na vyuo, ambao hawajawahi kudaiwa na mteja kwamba ametoka mnene. Gill hakuwavizia wasichana kisimani. Alitundika kitambaa, akakusanya vifaa vichache vilivyopatikana katika studio ya pale mjini na duka la vitambaa, kisha akasubiri mteja aingie. Msichana aliamua mwenyewe kama apigwe peke yake, na rafiki yake, na dada yake, na mwalimu wake au na kundi zima, na aliyetaka nakala aliinunua kwa bei iliyopunguzwa. Anayeifahamu kazi hii ataona mara moja kwamba mwenye amri katika chumba cha namna hiyo si yule aliyeshika kamera.

Katika studio yangu mimi nina picha za aina mbili. Ya kwanza ni pasipoti saizi. Mteja anakaa wima, ushungi unarudishwa nyuma kidogo ili uso wote uonekane, kidevu kinashushwa, kucheka hakuruhusiwi, pazia ni la buluu au jeupe kutegemea fomu inavyodai, na baada ya dakika kumi mteja anaondoka na vipande vinne ndani ya bahasha ndogo. Hapa Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, picha hiyo ina uzito ambao mtu wa Morogoro huenda asiuelewe, kwa sababu wengi wanaoipiga wanaipeleka mahali watakapoulizwa babu alizaliwa kijiji gani, na jina hili la Kimanyema au la Kibembe, yaani la watu wenye asili ya Kongo, limefikaje hapa. Aina ya pili ni picha ya Idd. Wasichana wa Ujiji huja wanne au watano, hina ingali inang'aa mikononi, gauni bado lina mikunjo ya dukani, na siku hiyo mimi sina kauli. Wanapanga wenyewe nani akae na nani asimame, nani ashike ua la plastiki, mkono uwe kiunoni au begani, na nikithubutu kushauri naambiwa, "Mjomba, wewe piga tu." Picha ya kwanza inatolewa kwa matakwa ya ofisi. Ya pili mtu anajieleza mwenyewe, na anailipia kwa fedha aliyopewa ya sikukuu.

Kitabu cha Gill kimejaa picha za aina hii ya pili, ila nyingi zina utulivu wa ile ya kwanza. Wasichana wengi hawacheki. Wanaitazama lenzi moja kwa moja, kama mtu anayemtazama karani anayechelewesha fomu yake. Kuna kurasa za wasichana wawili wawili waliosimama bega kwa bega, na ukizitazama kwa muda unaanza kuona kwamba jambo linalotendeka haliko usoni bali liko mikononi: nani kamshika mwenzake, nani anashikwa, na nani anaiacha mikono ining'inie kwa sababu hajui aipeleke wapi. Mikono ndiyo inayonisumbua mimi kila siku. Mteja anaweza kuutawala uso wake, lakini mikono hutoa siri yake. Mpiga picha wa studio aliyezoea huirekebisha haraka, anaifumbata mapajani, anaifunika na mtandio. Gill ameiacha, na kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko mwingine wote uliomo kitabuni.

Nina picha ya dada yangu iliyopigwa Ujiji alipokuwa na miaka kumi na minne. Ameinua mkono wa simu na kuuweka sikioni, na ukitazama chini ya meza unauona waya wa simu ile ukining'inia bila kuchomekwa popote, huku nyuma yake pazia limechorwa ndege ikipaa juu ya minazi. Nyumbani hatukuwa na simu, na ndege tuliisikia tu ikipita. Hata hivyo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusema kwamba picha ile ni ya uongo. Tunaijua kuwa ndiyo picha ya kweli kuliko zote alizowahi kupigwa, kwa sababu inaonyesha jinsi alivyotaka kuonekana, na hilo hakuna mpita njia ambaye angeweza kulinasa barabarani. Wapo wanaosema kwamba picha iliyopangwa haistahili kuitwa ya uhalisia. Wakae na kitabu hiki jioni moja.

Wala mfanano kati ya kibanda cha Lunkaransar na studio za Ujiji si wa ajabu sana, kwani watu wa Bara Hindi walikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo wa pwani yetu. A. C. Gomes, Mgoa, yaani mtu wa Goa huko India, alikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko mwaka 1930. Ufundi ulipanda bara pamoja na reli na maduka. Kwa hiyo ninapotazama kitambaa kilichotundikwa kwenye gulio la Rajasthan, siangalii jambo geni. Naangalia upande wa pili wa familia.

Kuhusu jinsia kitabu hakihubiri, na nashukuru. Katika sehemu hiyo ya Rajasthan ni jambo lililozoeleka msichana kuolewa kabla ya kufika miaka 18 inayotakiwa na sheria ya India. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezewa sana, maana Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Gill haandiki lolote la aina hiyo pembeni ya picha. Anachofanya ni kumweka msichana katikati ya fremu bila baba, bila kaka na bila mume. Nimetengeneza albamu za harusi kwa miaka mingi, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba katika nyingi kati yake msichana huonekana akiwa binti wa fulani, kisha bi harusi wa fulani, kisha mama wa fulani. Picha aliyopigwa kwa sababu tu siku hiyo alijisikia kupigwa picha ni adimu. Hapa zimejaa kitabu kizima.

Tena hadithi haikuishia kibandani. Baadhi ya wasichana waliopigwa picha walijiunga na mafunzo ya upigaji picha yaliyofuata, na mmoja wa waliojifunza, Manju Saran, baadaye akaendesha studio yake mwenyewe na ameandika maneno yake katika kitabu hiki. Nimeyasoma mara tatu kwa msaada wa mpwa wangu. Katika vitabu vingi vya picha za uhalisia anayepigwa picha husemewa na profesa. Hapa anayeandika ni fundi mwenzangu, na nilipokuwa nikimsoma niligundua kwamba napigia mstari sentensi kwa penseli, kitendo ambacho katika kitabu chenye bei kama hii sijajisamehe.

Mela ilipofanyika tena mwaka 2010 Gill alirudi, safari hii na filamu ya rangi. Sehemu hii hainigusi kama ile ya mwanzo. Vitambaa vya Rajasthan ni vya rangi kali, na rangi kali ina tabia ya kumpokonya mtu uso. Jicho linakimbilia kwenye mtandio, linazunguka kwenye gauni, na linapofika machoni pa msichana limekwisha kuchoka. Katika zile nyeusi na nyeupe za 2003 jicho halina pa kukimbilia. Najua wateja wangu wote wangenipinga, kwani hapa Kigoma kumpa mtu picha nyeusi na nyeupe ni kama kumpa chai bila sukari.

Nilikuwa nimekwisha kuona, kwa rafiki mmoja wa Dar, kitabu kingine cha mwanamke wa India kinachostahili kuwekwa kando ya hiki: Myself Mona Ahmed cha Dayanita Singh, kilichotolewa na mchapishaji Scalo mwaka 2001. Singh, mzaliwa wa New Delhi mwaka 1961, alikutana na Mona mwaka 1989 alipotumwa na gazeti la London kuwapiga picha watu wa jamii ya hijra. Neno hilo lisichanganywe na hijra ya Mtume tunayoijua sisi: huko Bara Hindi ni jina la jamii ya tangu kale ya watu wasiohesabiwa miongoni mwa wanaume wala miongoni mwa wanawake, ambao hualikwa kutoa baraka kwenye harusi na uzazi lakini siku nyingine hutengwa. Mona alipigwa picha, kisha aliposikia zinakwenda London, ambako alikuwa na ndugu, akadai arudishiwe filamu. Singh akampa.

Nimelifikiria tendo hilo kuliko picha yoyote iliyomo katika kitabu kile. Filamu ndiyo kazi ya siku nzima, ndiyo ujira, ndiyo jina lako kwa mhariri. Mimi binafsi nimewahi kuombwa na mama mmoja nifute picha za mwanawe, nikasita kwa dakika kadhaa nikihesabu gharama, na ilikuwa kadi tu ya kamera. Singh alitoa filamu, akapata rafiki ambaye aliendelea kumpiga picha mpaka Mona alipofariki mwaka 2017, na kitabu chao kimejengwa juu ya barua pepe ambazo Mona alimwandikia mchapishaji kwa kauli yake mwenyewe. Mona aliishi makaburini Delhi, akamlea mtoto wa kike aitwaye Ayesha, akatengwa na jamaa zake na hata na hijra wenzake. Katika barua hizo anakataa kuitwa mwanamume anayejaribu kuwa mwanamke. Anasema yeye ni jinsia ya tatu, na kwamba jamii inayojua mbili tu ndiyo yenye tatizo. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1871 iliwaweka watu wa namna yake katika orodha ya kufuatiliwa na polisi, na Mahakama ya Juu ya India ilikuja kuitambua jinsia ya tatu mwaka 2014. Nafahamu kwamba wapo wasomaji wa hapa watakaokipita kitabu hicho kwa mbali, nami sikusudii kubishana na imani ya mtu. Ninachosema ni cha kiufundi: Mona hatazamwi kwa kificho katika ukurasa wowote. Anajua kamera iko wapi na ni ya nani.

Katika hilo vitabu hivi viwili ni ndugu, na naona kuwa wazo hilo, la anayepigwa picha kuwa na kauli, si la Gill wala la Singh pekee. Shahidul Alam wa Bangladesh alianzisha wakala wa picha wa Drik huko Dhaka mwaka 1989 na shule ya upigaji picha ya Pathshala mwaka 1998, akishikilia kwamba nchi zetu zimechoka kupigwa picha na wageni wanaopanda ndege jioni. Maneno hayo huku kwetu hayahitaji mkalimani. Miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wakishuka kwenye maboti hapa ziwani na kambi ya Nyarugusu ikifunguliwa, wapiga picha kutoka nje walikuja wengi, wenye lenzi ndefu kama mitutu ya bunduki. Nilikuwa kijana, niliwabebea mabegi wawili kati yao. Walipiga filamu nyingi mno. Sijawahi kukutana na mtu hata mmoja, mkimbizi au mwenyeji, aliyewahi kuiona picha aliyopigwa wakati ule, achilia mbali kupewa nakala. Wasichana wa Lunkaransar walioitaka waliipata, ikiwa imesafishwa vizuri kwenye karatasi ya kudumu, na inawezekana baadhi zimetundikwa ukutani hadi leo juu ya godoro la mtu.

Nirudi kwenye kitabu chenyewe kama bidhaa, kwa kuwa nimeahidi uhakiki. Uchapaji ni mzuri. Weusi ni mweusi kweli bila kuwa lami, na kwenye ngozi kuna vivuli vingi vya kijivu ambavyo printa yangu haitaviona mpaka kiama. Kasoro yake kubwa ni kwamba maelezo ni machache mno kwa msomaji asiyeijua Rajasthan. Ningependa kujua waliopigwa mwaka 2003 walikuwa wapi mwaka 2010, wangapi walibaki shuleni, wangapi wangekubali kusimama tena pale pale. Gill anapenda ukimya, nami naheshimu, lakini ukimya wa Delhi na ukimya wa Kigoma si mmoja, huku mtu ataufunga ukurasa na kuuliza, "Sasa ikawaje?" Kasoro ya pili ni bei, na kwa hiyo siwezi kumshauri mtu binafsi akinunue isipokuwa kama anaishi kwa kazi hii. Shule yenye klabu ya picha, au mafundi wanne watano wa studio wakichangishana, hapo inaleta maana. Mwenye simu na kifurushi anaweza kutazama sehemu ya picha hizi bila malipo, maana Gill alishinda Prix Pictet, tuzo ya kimataifa ya upigaji picha, mwaka 2023 kwa kazi zake za Rajasthan na zimeenea sana, ingawa kwenye kioo cha simu ile mikono niliyoisema haionekani.

Kitabu sasa kiko juu ya kaunta, kimevalishwa nailoni kwa ajili ya vidole vyenye mawese, na hakiazimwi. Idd iliyopita wasichana watano wa Ujiji walikipekua wakati wakisubiri zamu, wakabishana kwa sauti kama wale wa kitabuni wametoka shuleni au harusini, kisha mkubwa wao akaniambia niondoe pazia la maporomoko ya maji, nitundike kitambaa kitupu, na asicheke mtu. Nikatundika shuka la kijivu. Walisimama bega kwa bega, hawakucheka, na ile picha ni katika zile tatu au nne ambazo nitapenda nikumbukwe nazo. Nilipoizima taa mdogo wao akasema, "Haya mjomba, sasa rudisha maporomoko." Nikayarudisha, wakapiga ya pili wakicheka mpaka mmoja akaanguka kitini, na walipokuja kesho yake kuchukua, walilipia ile ya maporomoko tu.